Bingwa Aliyebaki Nyumbani: Gor Mahia, Taji la 20 na Hesabu ya Mwenyekiti Rachier

Mwishoni mwa Juni 2023 Gor Mahia walitwaa taji lao la 20 la Ligi Kuu ya Kenya. Kisumu ikasherehekea kama inavyojua kusherehekea: pikipiki zikafungwa matawi, honi zikalia Kondele nzima, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Wiki chache baadaye habari ikatua kwamba bingwa haendi popote. Klabu ilikosa leseni ya kushiriki Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya makocha na wachezaji wa zamani. Kenya ikawakilishwa na Kakamega Homeboyz kwenye Kombe la Shirikisho, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wameshinda Kombe la FKF, shirikisho la soka la Kenya, mwaka huo. Sirkal, kama mashabiki wanavyowaita Gor, wakabaki nyumbani na kombe lao.

Nimeuchagua msimu huo kwa makusudi. Ukimtaja Ambrose Rachier, wakili aliyeiongoza Gor Mahia kwa zaidi ya miaka 15, mjadala huwa unajulikana kabla haujaanza. Anayemtetea atakuhesabia mataji. Anayempinga atakuhesabia madeni. Kila mmoja ana ukweli mkononi, na ndiyo maana hakuna anayemshinda mwenzake. Mwaka wa 2023 mataji na madeni vilikutana kwenye klabu moja, ndani ya miezi miwili, na hakuna aliyeweza kutaja kimoja akakificha kingine.

Mjadala ninaouchambua ulifanyika katika soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mafundi seremala, Jumapili moja jioni soko likianza kufungwa. Kuna benchi ndefu pale ambayo kila Jumapili hujaa mashabiki. Aliyeanza ni mzee mmoja anayetengeneza vitanda, mtu aliyekuwa Kasarani Desemba 1987. Gor walikuwa wametoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakaja kutoka sare ya 1-1 Nairobi, wakalibeba Kombe la Washindi Afrika kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Mzee huyo akizungumzia Peter Dawo, mshambuliaji wa Gor wa wakati huo, hutulia kidogo kwanza, na vijana humwachia nafasi.

Lakini jioni hiyo hakuwa na haja na 1987. Alitaka kuzungumzia yaliyofuata. Gor walichukua ligi mwaka wa 1995, kisha wakakaa miaka 18 bila kuigusa tena. Kijana aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na kitambulisho mfukoni kabla hajaona timu yake ikiwa bingwa. Zilikuwa nyakati za viongozi kuvutana na timu kuhangaika, na mashabiki wakiendelea kujaa uwanjani kana kwamba hawaoni jedwali. Mzee akasema hivi, na namnukuu kwa sababu alilisema vizuri: "Nyinyi wanangu mmekuta nyumba imeezekwa. Sisi tulinyeshewa ndani."

Kisha akatoa hesabu yake. Mpaka 2012 klabu ilikuwa na mataji 12 ya ligi. Chini ya Rachier yakaja ya 2013, 2014 na 2015, na hilo la 2015 bila kupoteza mechi hata moja, jambo ambalo Gor walikuwa wamelifanya mara moja tu, mwaka wa 1976. Likaja la 2017. Yakaja ya 2018, 2019 na 2020, hilo la mwisho likitolewa baada ya ligi kukatizwa na korona. Na sasa la 2023. "Manane kati ya ishirini," akasema. "Jakom mmoja," yaani mwenyekiti mmoja. "Nitajieni mwingine."

Hakuna aliyemtaja mwingine, kwa sababu hayupo. Hoja hii isipuuzwe. Wapo wanaosema kwamba mataji huletwa na makocha na wachezaji, na ni kweli kwamba Bobby Williamson, Frank Nuttall, Dylan Kerr na Johnathan McKinstry wana sehemu yao kubwa. Lakini makocha hao kuna aliyewaajiri, na makocha wazuri waliwahi kupita katika klabu zenye ofisi za vurugu wakatoka mikono mitupu. Anayekaa kitini muda wote huo, huku timu ikishinda mara nane, ana sifa inayomstahili. Mtu akimnyima sifa hiyo, hakuna atakayemsadiki akianza kuzungumzia makosa yake.

Aliyemjibu mzee ni kijana fundi wa pikipiki, mchezaji wa ligi za chini. Alianza kwa heshima: "Mzee wangu, sikatai hata taji moja." Kisha akauliza swali lililobadilisha mkondo: nani alilipia mataji hayo? Akaeleza habari za ndugu yake aliyewahi kucheza katika klabu moja ya Ligi Kuu, akawa anaonekana kwenye runinga Jumamosi na Jumatatu anamkwepa mwenye nyumba. Akarudi Nyalenda na viatu vya mpira viwili na madai ya mshahara ambayo hadi leo ni karatasi tu. Kwa kijana huyo, taji lililoshindwa na watu wasiolipwa ni taji la kukopa.

Hapa ndipo inafaa tusimame, kwa maana mashabiki wengi wanajua kwamba madeni yaliinyima Gor safari, ila hawajui deni la mchezaji hukua namna gani. Mimi naamini kisa chote kimelala hapo.

Tangu 2018, kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu akiipa siku 15 ilipe. Siku hizo zikipita kimya, ana haki ya kuvunja mkataba. Tena haondoki na ile mishahara miwili peke yake. Anadai fidia, na fidia hiyo hupimwa kwa mkataba uliobaki. Kwa hiyo klabu iliyomsajili mchezaji kutoka nje kwa miaka miwili, ikashindwa kumlipa mapema, inaweza kujikuta inadaiwa karibu mkataba mzima wa mtu ambaye hayupo tena kikosini. Kesi ikifika kwenye chombo cha FIFA cha kutatua migogoro na klabu ikaamriwa kulipa, ina siku 45. Zikipita, inafungiwa kusajili wachezaji wapya, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo.

Gor wameonja kifungo hicho. Kinachofuata kila shabiki anakijua kwa macho: timu inatangaza wachezaji wapya, wanavalishwa jezi, wanapigwa picha, halafu hawaonekani uwanjani kwa sababu majina yao hayawezi kuandikishwa. Wazee wa kikosi wanachezeshwa mpaka wanachoka. Na wale wapya, wakikaa bila kucheza na bila kulipwa, wanaanza nao kuandika barua. Deni la zamani linazaa jipya.

Leseni ya klabu ni mlango mwingine, lakini funguo ni zilezile. CAF, shirikisho la soka la Afrika, huitazama klabu katika mambo matano: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Unaweza kuwa na timu kali kuliko zote Afrika Mashariki na ukakwama kwenye hilo la tano. Hapo hakuna refa wa kulalamikia wala hila ya mtu wa shirikisho. Ni stakabadhi: ama umelipa au hujalipa.

Kijana yule hakuyaeleza hivi, lakini alichokuwa akikisema kilikuwa hikihiki. Na mimi naongeza jambo ambalo si la kumtukana mtu: Rachier ni mwanasheria. Barua ya siku 15 si kitu cha kumshangaza wakili. Kati ya viongozi wote wa soka Kenya, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuona mapema kwamba mshahara mdogo unaocheleweshwa leo ni fidia kubwa ya kesho.

Mzee wa vitanda hakukaa kimya. Alirudi na jambo la wafadhili, na alikuwa na haki ya kurudi nalo. Gor hawana kiwanda nyuma yao, hawana shirika la serikali, hawana tajiri mmoja anayetia saini kila hundi. Walipata Tuzo, maziwa ya Brookside. Wakapata SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo. Mwezi wa Agosti 2019, baada ya kampuni hiyo kunyimwa leseni katika mvutano na serikali kuhusu kodi, udhamini ukakatika. Mikataba ya wachezaji haikukatika. Wale waliosainiwa kwa matumaini ya fedha za mdhamini waliendelea kudai kila mwisho wa mwezi, na fedha hazikuwapo. Betsafe wakaja mwaka wa 2020, nao hawakudumu. Je, mwenyekiti alaumiwe kwa ugomvi wa kodi kati ya kampuni na serikali?

Asilaumiwe kwa hilo. Lakini hebu tukumbuke miaka ya neema ilikuwaje. Juni 2018, uwanja wa Afraha hapa Nakuru jirani, Gor waliifunga Simba 2-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup, mabao ya Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge. Waliosafiri kutoka Kisumu siku ile hawajasahau. Zawadi ilikuwa kwenda Goodison Park kucheza na Everton, na Novemba mwaka huo wakaenda. Msimu wa 2018/19 wakafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, wakiwa wameichapa Zamalek 4-2 pale Kasarani, kabla ya kutolewa na RS Berkane ya Morocco. Nilidhani wakati ule kwamba hakuna wa kutuzuia, na sikuwa peke yangu.

Sasa angalia upande wa pili wa fainali ile ya Nakuru. Kagere aliyewafunga Simba alijiunga na Simba mwezi uleule. Klabu iliyoshindwa uwanjani ilirudi Dar es Salaam ikiwa na mipango ya fedha iliyoiwezesha kumchukua mfungaji wa klabu iliyoshinda. Simba wakati huo walikuwa katikati ya mageuzi: mwekezaji anapata asilimia 49, wanachama wanabaki na 51. Unaweza kuupenda mfumo huo au kuuchukia, na Watanzania wenyewe wameubishania sana. Lakini walikuwa na mfumo wa kuubishania. Sisi katika miaka yetu minono zaidi tulikuwa na mdhamini mmoja, na alipoondoka tukagundua kwamba chini yake hapakuwa na sakafu.

Hapo ndipo lawama yangu kwa mwenyekiti inapokaa. SportPesa kuondoka ni bahati mbaya. SportPesa kuondoka na klabu nzima kuyumba kwa miaka minne iliyofuata ni matokeo ya namna klabu ilivyojengwa.

Kuna hoja ya utetezi ambayo mzee hakuitoa, akaitoa muuza mahindi aliyekuwa amesimama pembeni, na kwa maoni yangu ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa jioni ile. Alisema: "SoNy wako wapi?" Watu wa Magharibi na Nyanza hawahitaji maelezo zaidi. SoNy Sugar ya Awendo walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka wa 2006, na kiwanda cha sukari nyuma yao. Sukari ilipoyumba, timu ikayumba, na mwaka wa 2019 wakaondolewa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Chemelil nao wakashuka. Ukanda mzima wa miwa ulikuwa na timu za kampuni zenye mishahara ya uhakika, nyumba za wafanyakazi na basi la kwenda ugenini, na zimeanguka moja baada ya nyingine. Jirani zetu AFC Leopards, wenye mashabiki na historia kama sisi, walitwaa ligi mara ya mwisho mwaka wa 1998. Katika uwanja huo wa makaburi Gor walibaki hai, wakashinda, bila kiwanda. Kuna mtu aliyekuwa akipiga simu, akiwabembeleza wahisani na kutafuta nauli ya timu usiku. Mtu huyo apewe haki yake.

Ninaikubali hoja hiyo yote. Na papo hapo naona inathibitisha ninachokihofia, kwamba uhai wa klabu ulitegemea simu za watu wachache wenye jina. Simu hizo haziachwi kwa mrithi. Mwenyekiti akitoka, anatoka na orodha ya namba zake.

Mashabiki walikuwa wamefika hapo, sauti ziko juu, wakati mama muuza jezi alipoingilia. Wenyewe humwita Nyar Seme. Alikuwa anakunja bidhaa zake, jezi za kijani zilizotundikwa kwenye kamba, na alichukua moja akawatandazia kwenye benchi. Nembo ilikuwa imechapwa vizuri kwa mbali. Kwa karibu ungeona nyuzi zimevutika na herufi moja ya jina la mdhamini imepinda. Jina lenyewe lilikuwa la mdhamini aliyekwisha kuondoka. Akawaeleza anazitoa wapi: kwa muuzaji wa jumla Nairobi, ambaye naye hazitoi klabuni. Aliwahi kuuliza namna ya kupata jezi halali kwa jumla hapa Kisumu, hakupata wa kumjibu. "Nikiuza kumi siku ya mechi, klabu inapata nini? Hakuna. Na si kwamba sitaki kuwapa."

Nimefikiria maneno hayo kuliko mengine yote. Gor ni klabu ambayo ukivaa kijani ukapanda matatu kutoka Bondo hadi Kisumu utasalimiwa njia nzima. Jezi zake zinauzwa Kibuye, Luanda, Oyugis, Migori, Nakuru, kila soko lenye watu. Ni mali isiyohitaji kutangazwa. Na mama anayeuza jezi hizo maisha yake yote hana mlango wa kuiingizia klabu hata shilingi kumi. Miaka zaidi ya 15 ya uongozi mmoja ilitosha kuutengeneza mlango huo. Haikuhitaji SportPesa wala kibali cha FIFA. Ilihitaji duka moja Kisumu, msambazaji anayejulikana, na daftari.

Baada ya jezi, mtu akauliza kuhusu kadi za uanachama. Kati ya watu waliokuwa pale, mmoja tu alikuwa na kadi, na ilikuwa imekwisha muda zamani. Alikuwa nayo kwenye pochi pamoja na kitambulisho, picha imefifia. Wengine hawakuwahi kuwa nayo. Wanaimba, wanasafiri, wanapigana na wake zao kwa ajili ya nauli ya Nairobi, lakini kisheria wao si wenye klabu. Gor ni klabu ya wanachama. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo na yawe na katiba na uchaguzi. Uchaguzi ulifanyika Agosti 2020 na Rachier akarudi kitini. Waliopiga kura ni wanachama halali, na ukilinganisha idadi yao na umati unaojaza uwanja wa Nyayo siku ya Mashemeji, Gor dhidi ya AFC Leopards, utasikitika.

Mwenye kadi ya zamani akaulizwa mbona hakuilipia tena. Akasema hakuona faida: hakuitwa mkutano aliouelewa, hakusomewa hesabu, na hakuna ofisi Kisumu ya kwenda kuuliza. Mzee wa vitanda akamkatiza kwa hasira ya kweli, "Omera, na mwenyekiti angeendesha vipi klabu ambayo watu wake hawatoi hata ada?" Wakaendelea hivyo kwa muda, mmoja akidai ada kwanza, mwingine akidai hesabu kwanza.

Wote wawili wameshikana mkia. Mashabiki hawatoi kwa sababu hawaoni. Uongozi hauna cha kuonyesha kwa sababu hawatoi. Basi klabu inaenda kwa mdhamini na wahisani, na kwa kuwa fedha zinatoka huko, uongozi unawajibika huko zaidi kuliko kwa shabiki wa Kibuye. Swali ni nani alikuwa na nguvu ya kuukata mzunguko huo. Shabiki mmojammoja hana. Aliyekuwa nayo ni mwenyekiti mwenye mataji matatu mfululizo mkononi, mnamo 2015, wakati umma wote ulikuwa nyuma yake. Angesimama uwanjani baada ya msimu ule bila kupoteza mechi akasema kila anayeipenda timu hii alipe ada kupitia simu yake, na hesabu zitasomwa hadharani kila mwaka Nairobi na Kisumu, watu wangemsikia. Ninaamini hivyo kwa dhati. Nafasi kama ile haiji mara nyingi, na ilijirudia mwaka wa 2018, nayo ikapita.

Kwa hiyo hukumu yangu katika kisa hiki ni hii: Rachier aliinua timu, klabu akaiacha palepale alipoikuta. Timu ni wachezaji 11, kocha na kombe. Klabu ni wanachama, vitabu vya hesabu, duka la jezi, matawi, na uwezo wa kulipa mshahara mwezi ambao hakuna mdhamini. Alipewa miaka ya kutosha kujenga vyote viwili. Anayemtetea kwa mataji anazungumzia timu na yuko sahihi; anayempinga kwa madeni anazungumzia klabu na yuko sahihi pia; ndiyo maana wanaweza kukaa benchi moja miaka kumi wasielewane.

Sitaki hata hivyo mtu achukue hukumu hiyo akaitumia kumfanya Rachier mwizi au adui. Nimesikia maneno mabaya yakitupwa kirahisi, na mengi hayana ushahidi. Kukaa na klabu isiyo na mwenyewe, kila juma ukitafuta nauli ya watu 25 kwenda ugenini, ni kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia mwezi wa kwanza. Na mashabiki tuna sehemu yetu. Tuliingia viwanjani bila tiketi tukaona ni ujanja. Tulipasua viti, klabu ikatozwa faini. Tulipenda mwenyekiti anayetuletea mchezaji wa nje kwa mbwembwe Januari, hatukuuliza mshahara wake wa Julai utatoka wapi. Uongozi wa aina ile ulitufaa kwa sababu haukutudai chochote.

Msimu uliofuata, 2023/24, Gor wakachukua taji la 21, tena na McKinstry. Safari hii walicheza Afrika. Wakaivuka El Merreikh Bentiu ya Sudan Kusini, kisha wakakutana na Al Ahly ya Misri, wakafungwa 3-0 nyumbani na mambo yakaishia hapo. Wengi waliusoma mchezo ule kama tofauti ya wachezaji, na tofauti ilikuwepo. Lakini Al Ahly ni klabu ya wanachama, kama Gor kwenye karatasi. Wanachama wao wanalipa, wanapiga kura kwa maelfu, na rais wa klabu anajua atasimama mbele yao. Mtu akitaka kujua klabu isiyo ya kiwanda wala ya tajiri inaweza kufika wapi, asiende Ulaya kutafuta mfano.

Jioni ile ya Kibuye haikuishia kwenye makubaliano kuhusu Rachier. Mzee aliondoka akiamini alichokuja nacho, na kijana vilevile. Lakini kabla hawajaachana walikubaliana jambo moja, na ni mzee aliyelitamka kwanza: yeyote atakayekuja Kisumu kuomba kura ya uenyekiti, awe mpya au wa zamani, kabla hajaahidi mchezaji hata mmoja alete orodha ya wanaoidai klabu, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, na tarehe ya kulipa. Mwenye kadi iliyokwisha akasema ataifufua ili awe na haki ya kuuliza. Nyar Seme akataka liongezwe na duka la jezi.